Mfano wa Kuchupa

Shangazi yangu ni mhariri wa kamusi, nami ndiye msahihishaji wake. Ana sharti moja linalonichosha: mfano wa kila kitenzi lazima uwe jambo aliloliona kwa macho yake. Ndiyo maana kitenzi "kuchupa" kilitukalisha wiki nzima.

"Andika 'kuruka kwa wepesi', tusonge mbele," nilimwambia. "Mfano: paka alichupa dirishani."

"Paka yupi?"

Ofisi yetu haina paka.

"Kuruka, hata mimi na goti hili nitaruka nikikanyaga kaa la moto," alisema. "Anayechupa amesahau kwamba ana uzito."

Alasiri aliniletea kadi ya kitenzi hicho niichokonoe kama kawaida yangu. Mfano wake ulisema: "Kaka alizichupa ngazi za hospitali alipoambiwa amepata binti."

Shangazi ana kaka mmoja tu, naye ni baba yangu. Binti yake wa pekee ni mimi, na tangu nipate akili ninamjua akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kadi ile sikuigusa hata nukta.