Kamera ya Jikoni

Baba alipofariki mwaka jana, tulipekua nyumba nzima tukitafuta picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Tulipata moja tu iliyoonyesha uso wake vizuri, ya kitambulisho. Waliikuza mjini hadi uso wake ukajaa madoadoa kama ukuta wenye unyevu, na hivyo ndivyo anavyotutazama hadi leo kutoka sebuleni kwetu Kanja.

Wakati wa kupekua niliona jambo jingine. Katika picha zetu za ubatizo, za kumaliza shule na za shukrani kanisani, Mama hayumo. Mahali pamoja unaonekana mkono wake ukipitisha sahani mlangoni. Siku za sherehe Mama huwa jikoni, na wapiga picha huwa kwenye hema.

Kwa hiyo dada yangu Njoki, ambaye ni mwalimu mjini Meru, alipotuambia kwamba jamaa za mchumba wake Gikunda wangetoka Muthara kuleta mahari, yaani ruracio, nilijiambia nitanunua kamera kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nimesoma habari za kamera za DSLR kwa miezi minne, dukani kwangu ninakouza misumari na rangi, wakati hakuna mteja. Daftari lilikuwa limejaa. Kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

Njoki alinipeleka kwa Sheila, mwanamke anayeuza kamera zilizotumika nyuma ya soko la Meru. Dukani alikuwepo pia Mzee Kathuri, mpiga picha wa harusi, akisubiri betri yake ijae chaji. Kamera yake ilikuwa na lenzi ndefu kama chupa ya chai.

Nilionyesha moja kubwa iliyofanana na yake. Sheila akanipa nyingine ndogo nijaribu mkononi.

Kathuri akacheka. "Kijana, ukienda kwa watu na hako kakamera, watadhani umekuja kusoma mita ya stima."

"Mzee, wacha mteja wangu," Sheila akasema. "Wewe ulianza na gani?"

"Mimi nilianza na ya kuazima."

"Basi nyamaza." Akanigeukia. "Nyamu, unataka kupiga nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Mama yangu," nikasema. "Jikoni."

"Jiko la gesi ama la mawe matatu?"

"Mawe matatu. Dirisha ni moja, ukubwa wa kitabu."

 Sheila alichukua kamera zote mbili, akaniongoza hadi stoo yake, akazima taa na kuacha mlango wazi kiasi cha kiganja. Juu ya katoni kulikuwa na birika la zamani. "Watu hujaribu kamera pale mlangoni kwenye jua," alisema. "Kwa jua hata simu ni nzuri. Piga birika."

Nikapiga na ile kubwa yenye lenzi ndefu. Likatoka giza lenye ukungu. Nikapiga na ile ndogo, ambayo Sheila alikuwa ameifungia lenzi fupi nyepesi. Birika likatokea lote, mpaka mahali lilipobonyea.

"Tundu la lenzi hii hufunguka sana, linaingiza mwanga," akanieleza. "Lakini haivuti kitu karibu. Ukitaka kumkaribia mama, ni miguu yako itasogea."

Nikainunua ile ndogo, na hata bei yake ilikuwa chini kuliko ya ile kubwa. Angeweza kuniuzia ile niliyoionyesha, na ningemshukuru. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Nilipokuwa nikitoka, Kathuri akaniita. Nilidhani ni mzaha mwingine. "Wewe wa mita! Kule kwa moshi usiwashe flashi. Moshi utakuwa ukuta mweupe. Umeskia?"

Nilisikia, ila sikuandika kwenye daftari.

Siku ya ruracio, wazee wa pande zote mbili waliketi hemani. Wanawake wa Muthara waliingia na vyondo vya nafaka na vibuyu vya uji, wakiimba. Nikawapita, nikainama kuingia mlango wa jikoni.

"Mwanamume anatafuta nini kwa sufuria?" akauliza Tata Celina, dada yake Mama. "Ama umetumwa kuhesabu nyama?"

Nikainua kamera. Nilikuwa nimeiacha ijiamulie yenyewe, na ikaona giza. Flashi ikaruka juu, ikawaka. Mama akajifunika uso kwa leso.

"Nyamu! Unanimulika kama mwizi wa kuku?"

Nikatazama kioo cha kamera. Moshi mtupu, mweupe kama shuka. Nikamkumbuka Kathuri. Nikashusha flashi, lakini Mama alikuwa amekwisha kunipa mgongo.

"Aliye jikoni anafanya kazi," akasema bila kugeuka. "Kama huna kazi, hema ni kule."

Nikajitundika kamera shingoni, nikashika mwiko, nikaanza kuponda viazi na mahindi ya mukimo. Niliponda vibaya. Viazi viliruka. Tata Celina akasema mke wangu atakapopatikana aletewe pole mapema. Nikaendelea. Baada ya muda hakuna aliyenitazama.

Kutoka hemani wakaita, "Mama Njoki aje, tunapiga picha ya familia!"

"Anzeni," Mama akajibu, kama anavyojibu siku zote. "Nitakuja nikimaliza kupakua."

Akaondoa kifuniko cha sufuria kubwa ili aonje. Mvuke ukapanda, mwanga wa dirisha ukamgusa shavu. Akaona kiazi kilichoning'inia kwenye ukosi wa shati langu, akacheka. Nilikuwa mbali. Miguu yangu ikasogea hatua mbili. Nikapiga.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Sheila kuichapisha picha hiyo. Kathuri alikuwepo tena. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hukuwasha flashi," akasema.

"Niliwasha mara moja, mzee. Halafu nikakukumbuka. Asante sana."

Akatikisa kichwa, akamwambia Sheila aniwekee fremu ya kioo, ile nzuri, kwa hesabu yake. Nilipokataa akaniambia niende nikasome mita.

Mama aliitazama amesimama mlangoni, mikono ikiwa na unga. Aliifuata mistari ya uso wake kwa macho, polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe nikicheka niko hivi," akasema. Kisha, "Ungeniambia mapema, sufuria hiyo ningeisugua."

Akanionyesha ukuta wa sebuleni. "Tundika pale karibu na baba yako. Amepokea wageni peke yake vya kutosha."