Wifi na Printa Iliyogoma

Fundi cherehani alikuwa ameibembeleza printa, ameizima na kuiwasha, mwisho akaipiga kofi la mgongoni. Printa ikanyamaza kama maji mtungini.

Mlangoni, kwenye benchi, alikaa mteja wake, dereva wa lori. Aliwahi kuvunjika bega, na lilipounga likaunga likiwa limeshuka. Makoti ya dukani yalimkaa kama ya kuazima. Kwa hiyo fundi alimchorea patani yake, mchoro wa kukatia koti, kwenye kompyuta, upande wa kulia mbali, wa kushoto mbali. Kilichobaki ni kuichapisha, kuunganisha kurasa kwa gundi, kuilaza juu ya kitambaa na kukata. Binti wa dereva alikuwa anahitimu Jumamosi, na baba mtu aliapa hatakwenda na shati tupu.

"Nimemwita wifi yangu," fundi alimwambia. "Yeye ndiye aliyenitia kwenye hii Linux, yeye ndiye atakayenitoa."

Hakusema kwamba kabla ya hapo kompyuta ilikuwa hoi, na kwamba ni huyo dada wa mumewe aliyeifuta na kuiwekea mfumo mwepesi wa Linux ikapata pumzi. Wala hakusema kwamba printa yenyewe ilikuwa ya mtumba, kaichomeka mwenyewe baada ya ile ya zamani kufa. Mtu akiwa na hasira hukumbuka nusu.

Wifi akaingia, akawasalimu, akavuta kigoda. Nyumbani walimtania kwa jina la Taratibu, maana akimenya chungwa moja wenzake wameshakula matatu. Fundi ndiye aliyekuwa akicheka zaidi.

"Wifi, mtambo wako umenigomea."

"Pole, wifi. Hebu chapisha kama kawaida yako, jifanye sipo."

Fundi akabonyeza. Kimya. Wifi hakugusa kitu. Alisogea akasoma kioo.

"Unajua unaituma wapi? Kwa ile printa marehemu. Kompyuta bado inadhani ipo. Na tazama foleni hii! Mchoro mmoja, umeutuma mara ngapi?"

"Nilikuwa na hasira."

"Nazifuta nakala hizi kwanza. Zikifunguliwa zote kwa pamoja zitakumalizia karatasi."

Akaielekeza kompyuta kwenye printa mpya. Ikanguruma, ikatema ukurasa uliojaa alama za ajabu, utadhani kuku wamepita na matope.

"Angalau inasikia," alisema wifi. "Ila imepewa dereva asiye wake. Hiyo ni programu ya kuiendesha. Ulichagua yenye jina linalofanana, sivyo?"

"Kumbe na printa ina dereva?" mteja akadakia. "Basi nipeni mimi, nina leseni."

"Ungefaa, kaka. Huyu wa sasa amezoea baiskeli."

Wakacheka, hata fundi. Wifi akaiondoa printa kwenye mfumo, akaiongeza upya bila kuichagulia dereva, akajaribu. Haikutoka hata nukta. Fundi alisubiri amsikie akiilaumu printa, au umeme, au yeye fundi.

"Hapo nimekosea," alisema wifi kwa sauti ile ile. "Nilidhani itajiendesha yenyewe. Tuiulize inachotaka."

Akafungua mahali kompyuta inapoandika kila inachofanya. Mistari ikajaa kioo. Kidole chake kikashuka mstari mmoja mmoja, hakikuruka, kikatua. "Hapa. Inatafuta programu ya kuutafsiri ukurasa, haipo." Akawasha intaneti ya simu yake, akaipakua programu hiyo, akaisakinisha, akaianzisha upya huduma ya uchapishaji. Karatasi ikatoka safi, mistari myembamba kama uzi.

Fundi alikuwa akimtazama mikono. Asubuhi yote yeye alibadilisha mambo matano kwa mkupuo, asijue lipi limesaidia na lipi limeharibu. Wifi alibadilisha moja, akatazama. Ndivyo mshono unavyofumuliwa: uzi kwa uzi, kitambaa kisichanike. Taratibu ile waliyoicheka miaka yote ilikuwa ufundi, na fundi aliona haya kidogo, lakini zaidi aliona raha, kama anayeona koti lililoshonwa vizuri mwilini mwa mtu mwingine.

Kwa mazoea akalaza futi juu ya mraba wa kupimia uliochorwa pembeni ya patani. Akakunja uso.

"Wifi, huu umepungua."

Wifi akainama, akapima mwenyewe. "Loo! Mimi ningekuacha ukate koti la mtoto." Akarudi kwenye mipangilio: karatasi ilikuwa imewekwa ya kipimo cha kigeni, si A4, na mchoro ulikuwa unabanwa ili uenee ukurasani. Akayarekebisha yote mawili. "Pima tena. Jicho lako ndilo lililotuokoa."

Mraba ukalingana na futi sawasawa.

Wifi hakuondoka. Alibaki akipaka gundi kurasa wakati fundi anachora kwa chaki, mpaka mkasi ulipopita kwenye kitambaa.

Dereva alirudi Ijumaa kujipima. Kola ilikaa, mabega yakaonekana ndugu. Alijigeuza mbele ya kioo, akapitisha kiganja juu ya lile bega. "Sasa binti yangu atanitambua kwa mbali," alisema.

Alipotoka, fundi alimpigia wifi yake.

"Koti limekubali. Sasa njoo unifundishe kusoma ile mistari. Na usiharakishe."