Pumzi ya Babu

Mume wangu haamini kwamba dunia inazidi kupata joto. "Hewa ya kaboni ni chakula cha mimea," humwambia mjukuu wetu, kisha huupulizia pumzi mche wake wa nyanya, ule alioapa utazaa.

Joto lilipokolea, maua yakaanza kupukutika.

"Babu, mche umeshiba pumzi. Sasa uwekee kivuli," mjukuu akamwambia.

"Usinifundishe kilimo, mchumba."

Mchana nikamkuta ameufunika kwa mwavuli wangu.

"Kumbe kivuli?" nikamuuliza.

"Kivuli gani? Nazuia pumzi yangu isitoroke."

Mjukuu angeweza kumcheka. Badala yake alileta kamba, akaufunga mwavuli usipeperuke. "Kweli babu, ilikuwa inatoroka."

Nyanya ya kwanza ilipoiva, babu alimpa yeye.