Wembe wa Msiba wa Telesphor

Siku ukoo wetu ulipoamua kwamba baba yangu amekufa, walichinja kuku wawili na kupika wali. Mchele wenyewe ulitoka kwenye majaruba ya mpunga ya huyohuyo marehemu. Nikamnong'oneza binamu yangu kwamba marehemu wetu ni mkarimu sana, analisha kikao cha kumtangaza. Hakucheka. Watu wa Majimoto wakiona karatasi ya mahakama husahau kwamba wana meno.

Baba yangu, Telesphor, aliondoka na pikipiki yake mwaka 2017 kwenda machimbo ya dhahabu, upande wa Chunya. Alipiga simu mara mbili, ya tatu hatukuipata. Tukatoa taarifa polisi, tukatangaza redioni, tukamwombea misa ya msafiri. Miaka minane ikapita. Mama yangu, Romana, aliendelea kulima zile ekari nne za mpunga kila masika, na ndizo zilizonisomesha.

Sasa baba mkubwa Benedikto, kaka yake baba, alitaka kufungua mirathi. Mahakama ya Mwanzo inataka muhtasari wa kikao cha ukoo, useme mtu amekufa na umtaje msimamizi wa mali zake. Katibu wetu, Ladislas, alikuwa ameshauandika kabla hatujakaa. Msimamizi: Benedikto. Zilibaki sahihi mbili tu, ya mama na ya kwangu. Na pale hakuna asiyejua kwamba ekari zile zilishapata mnunuzi, mfugaji mmoja anaitwa Makoye, ambaye alishakuja kuzipima kwa hatua zake.

"Saini, shemeji," baba mkubwa akamwambia mama. "Hakuna anayekufukuza. Nyumba utabaki nayo."

"Nitakula bati?" mama akauliza.

Baba mkubwa akanigeukia mimi. "Fausta, wewe umesoma. Mweleweshe mama yako."

"Nimeishia form four, baba mkubwa, na matokeo unayajua. Hata mimi naomba kueleweshwa. Hapa mmeandika baba amefariki. Matanga yake tulikula lini?"

Ladislas akaanza kuikagua kalamu yake kama vile imeota mkia.

Katika ukoo wetu mtu akifa, ndugu wananyolewa, na anayetangulia kukaa kwenye kigoda ni kaka yake mkubwa. Kabla ya hapo hata jembe la marehemu haliguswi. Lakini kuna la pili, na ndilo lililowafunga midomo: ukimnyolea mtu aliye hai, msiba ule unakugeukia wewe. Ndiyo maana kwa miaka minane hakuna kichwa kilichoguswa. Walitaka baba afe kwenye karatasi tu, kwenye nywele zao aendelee kuishi.

"Wembe upo hapo dukani," nikasema. "Kaa kwenye kigoda, baba mkubwa. Kazi yangu ni saluni, nitakunyoa vizuri."

"Mtoto huyu ana mdomo."

"Mdomo upo. Tunatafuta kichwa."

"Mahakama haiulizi habari za nywele."

"Haiulizi. Itakuuliza kama unaamini ndugu yako amekufa. Unaamini?"

Akatupa jicho barabarani, ambako pikipiki ilikuwa inapita. "Kunyoa kunaweza kusubiri."

"Basi na shamba lisubiri."

Hapo akasimama shangazi Redemta, dada yao mkubwa. Yeye ndiye mwenye wembe wa ukoo, na kwenye mambo ya msiba hata Benedikto humwogopa. "Anayenyolewa wa kwanza ndiye mwenye msiba," akasema. "Na mwenye msiba ndiye anayeshika vitu vya marehemu. Nani ananyolewa?"

Wakainama wote, utadhani wamedondosha sindano.

"Mimi," nikasema.

Nilikuwa na rasta za Jumamosi, nilizokaa kwenye kiti saa sita nzima kusukwa, na kichwa changu ndicho bango la saluni yangu. Mama akanishika mkono. "Fausta, na kama yuko hai?"

"Kama yuko hai, mama, atakuta shamba lake. Acha anigombeze akiwa amesimama ndani yake."

Shangazi akazikata rasta kwa mkasi, akanimwagia maji, akaanza. Utani uliniishia wembe ulipopita mara ya tatu. Sijui kama baba amekufa. Niliogopa, na nikaendelea kukaa. Mama alipoona ngozi ya kichwa changu alitoa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, wanawake wakakipokea, na matanga ya Telesphor yakaanza hapohapo, watu wana sahani za wali mikononi.

Vilio vilipotulia shangazi akasema, "Ladislas, andika upya. Msimamizi ni Fausta."

"Huyu ataolewa," baba mkubwa akasema. "Ataondoka na mali ya ukoo."

"Majaruba hayana magurudumu, baba mkubwa."

"Nitaweka pingamizi."

"Weka. Tangazo litabandikwa mahakamani, na siku za kupinga zipo. Ila ukija, njoo umenyoa."

Ladislas akaandika karatasi mpya, mimi nikasaini, kisha akamsogezea mama. Mama akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye jina lake. Pembeni palikuwa pameandikwa "mjane". Akachukua kalamu, akalikata neno lile, juu yake akaandika "mkulima". Ndipo akasaini.