Datsun Iliyolala na Mahindi

Nelvine, fundi wa magari, aliitwa Kedowa kuondoa gari bovu ghalani, basi. Gachanja, mfanyabiashara wa pale senta, alikuwa na haraka. Mahindi ya mamake yalikuwa yamekauka uani yakingoja nafasi, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi kufika na lori saa tisa. Kazi ya fundi ilikuwa kulivuta gari hadi mlangoni. Nelvine hakosi kazi za namna hiyo kule kwao Kipkelion, kwa hiyo alikuja na mnyororo wake na uso wa mtu aliyezoea kupotezewa wakati.

Ghalani akaondoa gunia tupu la kwanza, la pili, la tatu, halafu akaanza kuyarusha nyuma bila kujali yanaangukia wapi. Chini palikuwa na boneti ndefu ya rangi ya chungwa, na gari zima limepandishwa juu ya magogo. Datsun 240Z, gari la mbio la zamani! Alikuwa ameiona kwenye simu tu. Akafuta vumbi kwenye dashibodi, akasoma maili: elfu moja mia nane na sita. Akasoma tena. Moyo ulimdunda mpaka akaona aibu, mwanamke mzima na watoto wawili, amepiga magoti kwenye makapi ya mahindi akiichekea spidomita.

Akatoka mbio kumweleza Gachanja kwamba hiyo ni hazina, haipelekwi kukatwakatwa. Gachanja alimsikiliza huku macho yakiwa barabarani. Mafundi walikuwa wamemzungusha sana maishani, na huyu naye alimwona ni walewale. Gari limelala miaka hamsini na kitu, alisema, injini si imeshikana zamani.

"Hiyo kitu ikiwaka, itabaki," akamaliza. "Isipowaka, lori ikikuja inabeba."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nelvine akafungua plagi harakaharaka bila hata kuzitazama, akatia spana kwenye nati kubwa ya mbele ya injini, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja na kuvuta kwa nguvu zake zote. Injini ikazunguka laini kabisa. Yeye akaenda chali kwenye rundo la magunia.

Mtu akacheka mlangoni. Alikuwa Bilhah, mamake Gachanja, ameshika kikombe cha chai ya fundi.

"Usivute hivyo, mami," akasema. "Mimi huzungusha na mkono moja."

Ndipo akaeleza. Mumewe, Kuria, aliugua miezi michache tu baada ya kulinunua gari. Kabla ya kupelekwa hospitali alimwomba asiiache injini ikauke: atoe plagi zote sita, atie kijiko cha oili kila tundu, azungushe. Kuria hakurudi, na hakuna aliyemwambia Bilhah aache. Basi kila mavuno, siku ya kugeuza mahindi juani, aligeuza na injini. Gachanja alidhani mamake hujifungia ghalani kuomba.

Nelvine alitaka kumkumbatia ila mikono ilikuwa grisi tupu. Akamkumbatia hivyo hivyo. Kisha akarudisha plagi, akang'oa betri ya pikapu yake na kuifunga kwenye Datsun, akasugua pointi za kutoa cheche kwa msasa, akaunganisha mpira kutoka kabureta hadi chupa ya petroli mpya na kumpa Bilhah aiinue juu.

Alipowasha mara ya kwanza, injini ilizunguka bure. Mara ya pili ikakohoa moshi, na lori likasikika likikunja kona. Mara ya tatu ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika uani, na Nelvine akajikuta anapiga vigelegele peke yake kama yuko harusini.

Gachanja aliingia mbio. Mamake alikuwa bado ameinua chupa, machozi yakimtiririka.

"Hii ndio nilikuwa nasikia," akamwambia mwanawe. "Babako akiwa bado huko chini kwa barabara. Nikisikia, naweka chai."

Gachanja hakuwahi kumwona babake. Alizaliwa miezi mitatu baada ya mazishi, na alichokuwa nacho ni picha moja ya ukutani. Akachuchumaa karibu na ekzosi, akatega sikio. Nje, mwenye lori alikuwa akipiga honi. Nelvine akakumbuka kwamba rejeta ya kupoza injini ni kavu, akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime kwanza," Gachanja akasema bila kuinua kichwa.

Nelvine akaiacha ikinguruma, akakimbia kutafuta maji.