Bega la Kushoto la Koti Jeupe

Watu thelathini na saba walituandikia kwamba walikaa meza moja na Radi siku alipoimba hadharani kwa mara ya kwanza. Meza hiyo ingali ipo. Nilikwenda kuiona, na viti vyake ni sita.

Radi alikuwa mwimbaji, na alipofariki shirika letu la uchapishaji liliamua kutoa kitabu cha kumbukumbu za watu waliomfahamu. Kazi ya kuhariri nilipewa mimi. Niliweka sharti moja: hakuna kumbukumbu itakayoingia kitabuni kwa kutegemea mdomo wa mwenyewe peke yake. Lazima pawepo na picha, barua, tikiti, hata kovu. Sharti hilo lilitupa nje barua mia mbili na kumi na nne, na sikukosa usingizi kwa hata moja, mpaka ilipofika zamu ya shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akisimulia kwamba ndiye aliyemshonea Radi lile koti jeupe linaloonekana kwenye jalada la santuri yake maarufu. Sisi wa nyumbani tulimwitikia kwa adabu. Mashemeji zake hawakuwa na adabu hiyo; akianza tu, mmoja wao husema, "Haya, koti limeshavaliwa, tuleni." Alichokuwa akikitaka ni sentensi moja iliyochapwa, aiweke mezani mbele yao.

"Mwanangu," aliniambia, "usinipendelee. Nipime kama unavyowapima wenzangu."

"Nitakupima, shangazi."

"Na futi yako isiwe imekatika."

Alikuwepo mdai wa pili. Fundi mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye watu humwita Suti Tatu kwa kuwa hajaonekana na ya nne, naye alidai koti ni kazi ya mikono yake. Alileta picha aliyopigwa na Radi mlangoni mwa duka lake, wamekumbatiana. Shangazi alileta daftari lake la vipimo la mwaka ule.

Niliwaita wote wawili ofisini saa nne asubuhi. Mjane wa Radi alikuja na koti lenyewe, limekunjwa ndani ya shuka safi. Kabla halijafunuliwa, nilimpa kila fundi karatasi na swali moja: mwili wa Radi ulikuwa na nini cha pekee, na wewe ulifanya nini?

Suti Tatu aliandika: bega la kulia lilikuwa chini kwa nusu inchi, nikaongeza pedi kulia. Shangazi aliandika: bega la kushoto lilikuwa chini kwa nusu inchi, nikaongeza pedi kushoto. Nilifungua daftari lake. Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisema vilevile: kushoto.

"Lilikuwa lipi, mama?" nilimuuliza mjane.

"La kulia," alijibu bila kufikiri. "Aliteguka utotoni, halikurudi sawa."

Suti Tatu akajipiga paja. "Dada yangu, ulimpima Radi au ulimpima pacha wake?"

"Cheka polepole, kaka. Hiyo suti ni ya tatu, ikichanika umebaki na mbili."

Hata hivyo sauti ya Shangazi ilikuwa imepungua. Niliikamata kalamu. Orodha ya madai ilikuwa mbele yangu, na jina lake lilihitaji mstari mmoja tu wa kulikata. Shangazi alikuwa amelikodolea macho daftari, kidole kikiwa juu ya lile neno. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akautazama, akainua wa kushoto, akautazama nao.

"Koti hili limewahi kufunguliwa?" alimuuliza mjane.

"Hakuna aliyeligusa. Mwenyewe alikataza."

"Niruhusu nifungue bitana. Nitalirudisha lilivyokuwa."

Mjane alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Shangazi alitoa wembe mkobani, akafumua bitana mabegani, sentimita chache kila upande. Pedi ya kulia ilikuwa nyembamba, ya kawaida. Ya kushoto ilikuwa imeongezwa tabaka za pamba zilizoshonwa kwa mkono. Nilipima kwa rula: tofauti ilikuwa nusu inchi kamili. Pedi nene ilikuwa kwenye bega ambalo tayari lilikuwa juu.

Suti Tatu aliinama, akachungulia, akainuka. "Fundi gani mwenye akili zake anaweza kufanya hivi?"

"Huyu hapa," alisema Shangazi.

Akatueleza. Wiki ile aliyompima Radi alikuwa amenunua kioo kirefu, cha kwanza katika maisha yake ya kazi. Siku zote alipima akiwa amemkabili mteja, na mikono yake ilikuwa imezoea kugeuza: kilicho upande wangu wa kulia ni chake cha kushoto. Radi alisimama mbele ya kioo, naye Shangazi akiwa nyuma yake. Bega la chini aliliona ndani ya kioo, upande wa kulia, akageuza kama alivyozoea. Wakati huo hapakuwa na haja ya kugeuza: wote wawili walielekea kioo, kulia kwake ndiko kulia kwa Radi.

Kosa moja lilikuwa mahali pawili, ndani ya koti na ndani ya daftari. Aliyeandika lile neno ndiye aliyeishona pedi ile.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema Suti Tatu. "Lakini suruali ya Radi nilimpunguzia mimi."

"Picha yako haionyeshi suruali ikipunguzwa," nilimwambia. Akaondoka na picha yake.

Ilibaki shughuli moja. Juu ya mlango wa Shangazi pana kibao chekundu: HAPA HATUKOSEI KIPIMO.

"Shangazi, siwezi kuchapa kwamba koti ni lako bila kueleza nimejuaje."

Alikuwa akirudishia bitana, mshono mdogo mdogo, na mashemeji zake wote, nadhani, walipita akilini mwake mmoja mmoja. Alikata uzi kwa meno.

"Chapa yote," alisema. "Mafundi wasiokosea wapo wengi. Nani maarufu amevaa kutokosea kwao?"

Mjane alicheka mpaka akashika meza.

Shangazi aliongeza jambo. Wiki moja baada ya kulikabidhi koti aliona limekaa upande, asijue kosa liko wapi, akamfuata Radi na wembe mkononi ili alifungue. Radi akakataa. Koti lilimfanya aonekane ameegemea upande mmoja, na vijana walikuwa wameshaanza kusimama hivyo wakidhani ni mtindo. "Usiliguse," alimwambia. "Hili sasa ni langu na lako."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wawili."

Hilo sikulichapa. Katazo ambalo mjane alilitaja linaelekea kuliunga mkono, lakini halilithibitishi. Shangazi aliposoma ukurasa wake, wa mia moja na kumi na mbili, aliona halimo, wala hakulalamika. Aliuliza tu kama anaweza kupata nakala tano.

Mashemeji zake ni watano. Kibao hakukishusha.