Kidole cha Mama Bakiza

Shangazi yangu hamalizi kitu. Sisemi kazi, maana nguo ya mteja huwa imeshapigwa pasi na kutundikwa kabla mwenyewe hajaanza kuulizia. Nasema kitu chake mwenyewe. Chai huacha funda moja chini ya kikombe kwa atakayekuja. Mkate hukata pembe tu, akaurudisha kwenye karatasi. Na kipande cha kitambaa ambacho mteja amekikataa, yeye hukinyoosha kwa kiganja, akakikunja na kukitia kwenye gunia nyuma ya mlango. Baada ya muda utamwona mtoto wa mtu amevaa sketi ya rangi tano. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Bakiza, naye huitika.

Kwa hiyo sindano ya cherehani ilipomwingia kwenye kidole cha shahada, cha mkono wa kulia, sote tulijua atakifunga kitambaa aendelee kushona. Akakifunga, akaendelea. Kidole kikavimba kama kitunguu. Tulipomfikisha zahanati, alipewa dawa, vidonge vya rangi mbili, na akaambiwa avimeze mpaka viishe.

Uvimbe ulishuka upesi. Asubuhi moja nikamkuta anatunga uzi kwenye sindano huku anaimba.

Siku hiyo hiyo nilikuwa natafuta kifungo cha shati kwenye kopo la vifungo. Mkono wangu ukagusa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha maua. Nilipokifungua nikaona vidonge vya rangi mbili.

"Shangazi, hizi si dawa zako?"

"Zilikuwa zangu." Alikikunja kidole na kukikunjua mbele ya macho yangu. "Kimepona, tazama. Zilizobaki ni za mwingine. Akiba haiozi."

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari alisema zitaniponya, zimeniponya. Sasa nikimeza dawa na ugonjwa sina, zitafanya kazi gani huko tumboni? Zitakaa zikipiga soga?"

Kaka Pasi, ambaye hupiga pasi na kukunja kila kinachotoka kwenye karakana yetu, alicheka mpaka akaweka pasi pembeni. Mimi nikishindwa kwa maneno huwa natazama miguu yangu. Niliitazama, nikarudisha kifurushi kwenye kopo.

Hakikukaa sana kabla ya kufunguliwa. Jirani yetu wa kuchomelea vyuma, tunayemwita Cheche, aliingia akiwa ameshika shavu.

"Mama Bakiza, jino linaniua."

"Pole, baba. Ngoja." Akachovya mkono kwenye kopo, akamtolea vidonge viwili. "Meza hivi. Ni vikali."

Cheche aliondoka akimwombea dua. Shangazi alirudi kwenye cherehani akiwa na uso wa mtu aliyelisha wageni.

Kidole kilirudi kuvimba bila yeye kutuambia. Nilijua siku mteja mmoja alipoleta kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Shangazi hasomi lebo. Hushika kitambaa kati ya kidole cha shahada na gumba, akakisugua huku amefumba macho, kisha akakuambia ni pamba, au ni pamba ya uongo, au kitachuja ukikifua mara ya kwanza. Sijawahi kuona amekosea. Siku hiyo alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya meza.

Mteja alipotoka, nikaenda nikachuchumaa karibu na kiti chake.

"Nionyeshe, Shangazi."

"Nikuonyeshe nini? Nenda kakate mikono ya ile blauzi."

Sikuenda. Hatimaye aliutoa mkono. Kidole kilikuwa kimevimba hadi kwenye kiungo cha kati, kinang'aa, chenye joto nililolisikia kabla sijakigusa.

Huko zahanati daktari alikuwa mwanamke kijana, huenda amenipita umri kidogo tu. Alimwamkia Shangazi, akakitazama kidole kwa muda, kisha akauliza, "Mama, zile dawa ulimaliza?"

Shangazi alinitazama mimi. "Karibu."

"Karibu ni wapi?"

"Katikati."

Daktari hakumkaripia. Alimchoma sindano ya ganzi, akapasua, usaha ukatoka, akachukua kidogo ili ukapimwe. Alikuwa anaongea huku anafunga bandeji.

"Dawa ikiingia, vijidudu vinavyokufa mwanzo ni vile vinyonge. Maumivu yanapoa, mtu anasema nimepona. Kumbe vile vikaidi bado vimo. Vimeionja dawa, havikufa. Ukiacha hapo, vinabaki vyenyewe na vinazaana. Na havitakaa kwako tu, mama. Akivipata mwingine, huenda dawa ile isimsaidie naye."

"Mwingine nani?"

"Yeyote. Unayekaa naye, unayemshika mkono."

Daktari akagusa kidole juu kidogo ya kucha. "Nakupa dawa nyingine. Hii ukiiachia njiani, ugonjwa ukaingia kwenye mfupa, huenda tukalazimika kukata hapa."

"Hapo ndipo ninaposikilizia kitambaa," Shangazi alisema, kama anayemweleza mtoto. Daktari aliitikia kwa kichwa tu.

Tuliporudi, Cheche alikuwa anatungoja mlangoni. Shavu lake lilikuwa kubwa kuliko la siku ile, na lilikuwa na pamba ndani.

"Dawa zako zilinibembeleza tu, Mama Bakiza," alisema kwa shida. "Nikadhani nimepona, nikaacha kwenda hospitali. Leo wameling'oa, na usaha tele. Daktari wa meno akaniuliza, dawa hizo ulipewa na nani? Nikasema jirani. Akasema, jirani yako ni daktari? Nikasema hapana, ni fundi wa magauni."

Kaka Pasi aligeukia ukutani ili asicheke. Shangazi hakucheka. Aliingia ndani, akamwaga kopo zima mezani, akavichambua vidonge kutoka kwenye vifungo kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, akanikabidhi nivirudishe zahanati. Nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Kidole kilipokuwa kinauma, alimeza dawa mpya bila neno. Kisha maumivu yakaondoka, na mimi nikaanza kuogopa. Mchana mmoja nilimwona ameweka kidonge kwenye kiganja. Alikitazama. Akalitazama kopo.

"Shangazi."

"Najua." Sauti yake ilikuwa chini. "Usidhani nabisha, mwanangu. Nilimsikia yule binti, na Cheche nimemwona. Lakini nikimeza na hakuna kinachoniuma, naona kama nakula peke yangu na watu wamesimama wananitazama. Hakishuki."

Hoja zote alishapewa na walionizidi. Nilichokuwa nacho ni mtungi wa maji uliokuwa kwenye kona. Nikachukua glasi mbili, nikajaza zote, nikampa moja, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Basi usile peke yako," nikasema.

"Wewe unameza nini?"

"Maji."

Alinitazama, mdomo ukaanza kumcheza. Kaka Pasi akasimamisha pasi yake. "Na mimi nina kiu tangu asubuhi, na hakuna aliyenikaribisha." Akaja na kikombe chake. Tukanywa wote watatu, na kidonge kikashuka.

Ndivyo ikawa. Kila wakati wa dawa ulipofika, cherehani zilinyamaza na maji yakamiminwa. Wateja waliotukuta walipewa glasi kabla hawajaambiwa kuna nini. Cheche alivuka kutoka kwake akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema akiinua kikombe, "lakini cha Mama Bakiza kimetuvunja miguu kwa kwenda haja." Shangazi akamwambia angepewa adabu mahali pa jino lililong'olewa. Alikuwa anameza huku anacheka, na nadhani mara nyingine hakukumbuka kwamba amemeza.

Mara moja tu alijaribu kurudi nyuma. Mama mmoja alikuja na mtoto anayekohoa, na nikaona jicho la Shangazi linatafuta kikaratasi chenye dawa zake. Kisha akaufuta mkono kwenye sketi. "Mpeleke zahanati sasa hivi, mama. Nguo yako utaikuta," alisema. Akachukua vipande gunini, akamshonea yule mtoto kofia.

Kidonge cha mwisho alikimeza tukiwa tumejaa karakana. Hakuna aliyetoa hotuba. Alikunywa, akaiweka glasi mezani, na kama kawaida yake chini lilikuwa limebaki funda moja. Aliliona. Akaichukua tena glasi, akainamisha kichwa nyuma, akalimaliza.

"Maji ukiyavulia nguo..." Kaka Pasi alianza.

"Nyamaza, nimeshaoga," Shangazi akasema.

Daktari alikitazama kidole, akakikunja, akakibonyeza, akauliza kama ana ganzi. Shangazi akasema ipo kidogo pembeni, palipopasuliwa. Mfupa ulikuwa salama.

Yule mteja wa gauni la harusi alirudi na kitambaa cha mdogo wake bibi harusi. Mimi nilijifanya nakata. Shangazi alikishika kwa mkono wa kulia, kati ya kidole na gumba, akafumba macho. Alikisugua. Akasogeza kidole kidogo, kutoka pembeni penye ganzi hadi katikati, akasugua tena.

"Pamba," alisema. "Imechanganywa. Na huyu aliyekuuzia alikuapia kwamba haikuchanganywa."

"Aliniapia," mteja akasema.

Shangazi alifumbua macho, akatafuta uso wangu, kisha akakisogeza kikombe chake cha chai upande wangu wa meza. Chini kulikuwa na funda moja, bado la moto.